Sahani ya Jirani wa Ghorofa ya Tisa

Kimbunga kimenifungia ndani hapa Guangzhou, rafiki yangu. Tangu jana bandari ya Huangpu haipakii kontena, maduka ya viatu ya Zhanxi yameteremsha milango ya chuma, na mlinzi wa jengo hili nililopanga chumba amekaa chini mlangoni, kila anayetaka kutoka anamwashiria arudi juu. Nimembembeleza, nimemnunia, nimemwonyesha hata picha ya mzigo wangu. Neno lake ni moja tu: "Mingtian." Kesho. Neno hilo nalijua tangu nina mapengo mdomoni.

Basi niko hapa. Mvua inapiga kioo kwa ubavu, chumba cha pili kuna mtoto analia tangu asubuhi na mama yake anamnyamazisha kwa lugha nisiyoijua, na mimi nimebandika mafuta jikoni. Mezani kuna bakuli la unga uliovurugwa kwa mayai na maziwa, kuna sukari na mdalasini, na kuna sahani moja nyeupe yenye ua la buluu katikati na ufa mdogo ukingoni. Sahani hiyo si yangu. Nimetoka nayo Tanga, nimeifunga kwenye kanga ya mama katikati ya nguo zangu, ili niirudishe kwa mwenyewe katika mji huu huu. Ngoja nikueleze ilifikaje kwetu, maana mimi leo sina pa kwenda na wewe unaonekana una nafasi.

Baba yangu alikuwa mtu wa viatu. Alinunua Zhanxi, akauza Kariakoo, na mwaka niliotakiwa kuingia darasa la tatu akatuchukua mama na mimi tukahamia Guangzhou, kwenye fleti ya ghorofa ya tisa. Tulikuwa na raha, nisiseme uongo. Kisha baba akaenda Dar es Salaam kutoa mzigo bandarini, akaomba viza ya kurudi, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Huku nyuma viza zetu nazo zikawa zinakaribia kuisha, baba akasema kwa simu paspoti apewe wakala mmoja anayemjua, atazishughulikia haraka. Mama akampa. Viza zikaisha paspoti zikiwa bado kwa wakala, na wakati ule askari walikuwa wakisimama njiani kuwadai wageni paspoti. Baba akapiga tena: "Msitoke ndani mpaka mzipate." Mama akazungusha ufunguo mara mbili. Alidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Msimu mzima wa mvua ukatukuta humo.

Kama hujawahi kukaa Guangzhou majira ya unyevu, usinibishie nikikwambia kwamba kuta zinatoka jasho. Maji yalikuwa yakiteremka ukutani, shuka ulilolianua kavu linarudi bichi usiku, mkate ukiusahau unaota manyoya. Roshani yetu ilikuwa na nondo pande zote kama banda la kuku, na mama aliifunika kwa pazia ili watu wa jengo la mbele wasituone. Nisikimbie. Nisiimbe. Bomba nifungulie kidogo, maji yatiririke bila kelele. Televisheni niliitazama haina sauti, nikawa natunga mwenyewe wanachoambiana wale watu, na wote niliwapa Kiswahili cha Tanga. Kazi zangu zilikuwa kuchambua mchele, kukunja nguo zisizokauka, na kupanga viatu vya baba.

Viatu vyenyewe nikueleze. Chumba cha nyuma kilijaa masanduku ya sampuli mpaka darini, na kila sanduku lina kiatu kimoja tu, cha mguu wa kulia, maana wenye viwanda hawatoi sampuli pea nzima. Hakuna mwizi wa kiatu kimoja. Nilikuwa nikifungua duka langu pale sakafuni, najiuzia na kujipunguzia bei, nawafukuza wateja wasumbufu. Wateja walikuwa mito ya kitandani.

Mtu pekee aliyetujia alikuwa mjomba wa mizigo, rafiki ya baba, mtu mnene mwenye maneno mengi aliyefanya kazi kwa wasafirishaji. Alituletea unga, mchele, mafuta na habari za wakala. Alifika akihema hata kama amepanda lifti.

"Shemeji, leo nimemkaba yule laoban, yule bosi wa viza," alisema. "Nimemwambia mwanamke wa watu na mtoto wamo ndani wanaoza, toa paspoti."

"Akasemaje?"

"Mingtian."

"Juzi si alisema hivyo hivyo?"

"Juzi nayo ilikuwa mingtian. Ndugu hawa kesho yao haina tarehe, shemeji."

Akacheka peke yake, akanywa maji, akaenda zake.

Mama yangu kwa asili ni msemaji. Tanga alikuwa akisimama uani anaongea na majirani wa nyumba tatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja anajibiwa lake. Sasa maneno yakaanza kumpungua. Akaacha kunisuka. Akaacha kuniuliza nimekula nini. Alilala mchana, na akiamka anakaa kwenye kiti kilichoelekea mlangoni, anautazama ule mlango kana kwamba ndio utakaosema. Niliogopa, rafiki yangu. Askari sikuwaogopa, sikuwahi hata kumwona mmoja kwa karibu. Nilichoogopa ni kwamba paspoti zitakuja siku moja na mama atakuwa hana tena nguvu ya kuinuka, na mimi sijui hata kubonyeza lifti ya kushuka chini. Nilitaka tutoke pale kabla mama hajaisha. Ndilo nililoomba kila baada ya sala, kwa sauti ndogo, maana kelele zilikatazwa.

Kisha siku moja, mvua imeshuka kama leo, ikapita harufu chini ya mlango. Mdalasini. Mdalasini, sukari na unga unaochomwa kwenye mafuta ya moto. Nikadhani ni akili yangu, kumbe mama naye ameinua kichwa. Mara mlango ukagongwa. Tukashika pumzi wote wawili. Ukagongwa tena, taratibu, kisha tukasikia sauti ya kitu kinawekwa sakafuni na mlango wa fleti ya ubavuni ukifungwa kwa kishindo. Mama akanyata mpaka kwenye tundu la kuchungulia. Sakafuni kulikuwa na sahani nyeupe imefunikwa kitambaa.

Aliiacha. Akarudi kukaa. Lakini mama ni mtu asiyeweza kuona chakula kiko chini watu wanapita, na haukupita muda akafungua mlango kwa upana wa mkono, akaivuta ndani. Chini ya kitambaa kulikuwa na vidonge vya unga vya mviringo, vyenye vimkia, vimevingirishwa kwenye sukari na mdalasini. Kaimati zisizo na shira! Mate yakanijaa. Mama akakiinua kimoja, akakinusa, akakirudisha.

"Hatujui kimechomwa kwa mafuta gani," alisema.

Nililia bila sauti, ujuzi niliokuwa nimeshaupata. Vidonge vikahamishiwa kwenye bakuli juu ya kabati, na ikabaki sahani. Sasa hapo ndipo mama aliponaswa. Kwetu sahani ya jirani huirudishi tupu, ni aibu ya kumfuata mtu mpaka kaburini. Na sahani ya watu hukai nayo. Kwa hiyo yule mwanamke aliyeapa hatafungua mlango mpaka paspoti zije, asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta jikoni amekunja mikono ya gauni, anapiga unga wa kaimati kwa kiganja, na hamira inatoa pumzi. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia harufu ya hamira namna ile. Akachoma, akamwagia shira yenye iliki, akajaza sahani, akaiweka mbele ya mlango wa jirani, akagonga na kukimbia. Mama yangu alikimbia, mimi nimemwona.

Hatujakaa sawa, mlango wetu ukapigwa kwa ngumi. Mama akachungulia, akafungua. Alisimama pale mwanamke mkubwa wa mwili, nywele nyeupe zimefungwa kwa kibanio, miwani imeteremka puani, sahani mkono mmoja na kaimati moja inayochuruzika shira mkono wa pili. Alikuwa Mbrazili, hilo nililijua baadaye, mumewe alikuwa mkaguzi kwenye viwanda vya viatu nje ya mji. Kiswahili hajui, Kireno sisi hatujui. Lugha iliyobaki kati yao ilikuwa yale maneno machache ya Kichina ya kununulia vitu.

"Bu yao?" aliuliza, akionyesha kaimati, kisha mlango wake, kisha mama. Hutaki?

Masikini, alidhani mama amevichukua vidonge vyake, akavilowesha maji ya sukari, akamrudishia! Mama akaelewa, akakimbilia ndani kumletea ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa lile bakuli lenye vidonge vyake vyote, hata kimoja hakijaguswa. Uso wa jirani ukaanguka kabisa. Mama akaona amezidi kuharibu. Akaonyesha chupa yetu ya mafuta, akaonyesha vidonge, akatafuta neno, hakulipata, na hapo mama yangu, mke wa mtu, mtandio juu ya kichwa, akakunja pua na kukoroma kama nguruwe.

Kisha mimi nikacheka, kwa sauti, sauti yangu halisi ambayo nilikuwa nimeisahau. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta wenye jasho. Akaenda kwake akarudi na chupa kubwa yenye picha ya karanga, akamwekea mama mkononi. Mafuta ya karanga, kama yetu. Mama akachukua kidonge kutoka bakulini, kimeshalala siku nzima, akakitia mdomoni, na machozi yakamtoka huku anatafuna.

Tangu siku hiyo sahani haikutulia. Ikija na vyake inarudi na zetu. Vidonge vyake aliviita bolinyo, na mvua ikinyesha tu, ujue anachoma. Alitueleza sababu kwa mikono: vidole vikashuka, mvua, kiganja kikapima urefu wa watoto wadogo, akanuna, akalia kwa uongo, kisha akateka unga kwa vijiko na watoto wakatabasamu. Kwao mvua ikiwafungia watoto ndani, bibi anawachomea bolinyo wasisononeke. Akanielekezea mimi kidole, akakohoa kikohozi changu. Kumbe alikuwa akinisikia siku zote. Kelele zote zile tulizozikataa, na jirani anajua mpaka kikohozi.

Naye alikuwa amefungwa kwa namna yake. Alituonyesha picha ya wajukuu zake, akasema, "Mei you." Hakuna. Akaonyesha kitanda, upande wa mume: "Mei you." Viwanda vilikuwa vimemla. Mama akaonyesha pete yake: "Mei you." Wakatazamana. Unga ukikataa kuumuka walisema "tai gui," ghali mno, mvua ikizidi tai gui, mume asiyepiga simu tai gui sana, na nakuapia walielewana kuliko watu wengi niliowasikia wakiongea lugha moja.

Jikoni lakini hawakukubaliana. Mama huminya unga kwa ngumi, kaimati ikatokea kati ya kidole gumba na cha shahada, na anaikoroga kwenye mafuta bila kupumzika ili iive sawasawa. Jirani alitumia vijiko viwili, kimoja kinateka, kingine kinasukuma, na moto aliuweka mdogo maana ukiwa mkali bolinyo inaungua nje na ndani ni mbichi. Zile zilizotoka na mkia alinipa mimi niseme zinafanana na nini. Nilipata kasa, nikapata birika, nikapata mjomba wa mizigo. Alizivingirisha kwenye sukari zikiwa bado moto, la sivyo haishiki.

Ile siku yenyewe mvua ilikuwa nyingi. Mjomba wa mizigo alikuja asubuhi, na mara hii hakucheka.

"Shemeji, yule mtu kahama. Ofisi imefungwa, simu haipatikani. Nimeuliza jengo zima, kila mtu ananiambia mei you."

"Na paspoti?"

Mjomba alitazama viatu vyake. Mama akampigia baba, na baba akasema tusubiri, atatafuta mtu mwingine, tusithubutu kutoka, wakitukamata watatufunga. Mama akasema sawa. Akakata simu, akakaa kwenye kiti chake kile cha mlangoni, na mimi nikaona anaanza kurudi kule alikokuwa. Nikaenda kugonga kwa jirani. Sikuwa na jingine la kufanya.

Jirani akaja na bakuli lake la unga, akamwinua mama kwa mkono, akampa vijiko. Mama akateka, akasukuma, bolinyo ikazama, ikaibuka. Kwa mazoea akachukua mwiko wa matundu aikoroge. Jirani akamshika mkono. Akatikisa kichwa: iache. Tukasimama watatu tunaitazama. Upande wa chini ukawa unaiva, ukawa mwepesi, bolinyo ikatikisika kidogo, ikayumba, ikajigeuza yenyewe tumbo juu. Hakuna aliyeigusa. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu.

Mama alizitazama mpaka zikataka kuungua. Kisha akazima jiko.

"Na mimi namsubiri nani aje anigeuze?" alisema. Jirani hakuelewa. Mimi nilielewa.

Asubuhi yake akaniamsha, amevaa buibui. "Vaa viatu, mwanangu. Tunakwenda wenyewe uhamiaji, tukaseme paspoti zetu zimechukuliwa, tunataka kwenda kwetu."

"Baba amesema watatufunga."

"Wakitufunga tutakuwa tumefungwa na watu. Hapa nimejifunga mwenyewe, na wewe nimekufunga."

Nikaleta viatu vyangu. Havikuingia. Mguu ulikuwa umekua humo ndani bila kumwambia mtu, visigino vikabaki nje. Nyumba ina viatu mpaka darini, binti wa muuza viatu hana cha kuvaa! Mama akafungua masanduku, akapata vinavyonitosha viwili, kimoja chekundu kimoja cheupe, vyote vya mguu wa kulia. Nikavivaa. Jirani alipotuona kwenye korido alitazama miguu yangu, akafunika mdomo, kisha akaingia kwake akatoka na mwavuli na mfuko wa bolinyo, akafunga mlango wake na kumshika mama mkono. Hakuna aliyemwomba.

Nakumbuka lifti ilivyonitia kizunguzungu. Nakumbuka barabara iliyolowa, mikokoteni ya mizigo, na mwanga mwingi mpaka nikafumba macho. Kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto kinakuvuta ndani, kwa hiyo nilikwenda mshazari njia nzima, na mama ananirekebisha. Mkono wake ulikuwa wa baridi sana. Ofisini tulikalishwa, tukaulizwa, tukakalishwa tena, na jirani na Kichina chake cha sokoni akazungumza kuliko wote. Askari mmoja aliiona miguu yangu, akamwita mwenzake aje aone, wakacheka, kisha mmoja akaniletea maji. Hawakutufunga. Walitusumbua, tulikwenda tukarudi, tukasubiri karatasi za safari kutoka ubalozini, lakini ufunguo mama hakuuzungusha tena mara mbili, na pazia la roshani aliliteremsha akalifua.

Siku ya kuondoka sahani ilikuwa kwa jirani. Akaileta imejaa bolinyo, bado za moto, za kula njiani. Mama akataka kuzihamisha amrudishie chombo chake, jirani akaweka mikono nyuma. "Bu yao," alisema. Mama akaelewa amepewa nini. Kwa muda wote ule tuliokaa, ile ndiyo mara ya kwanza kuondoka na sahani ya mtu.

Baba alitupokea kwa hasira, akamaliza hasira, wakapatana. Mama mpaka leo yuko Tanga, na maneno yake yote yamerudi pamoja na riba. Mvua ikinyesha anachoma kwa vijiko viwili, hakorogi, na hiyo sahani hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula kingine. Safari hii nilipokuja kununua mzigo akanipa, akasema, "Kamtafute."

Nilikwenda kabla ya kimbunga. Jengo lipo, wamelipaka rangi. Ghorofa ya tisa yote ni stoo ya makava ya simu; ukuta kati ya mlango wetu na wake umevunjwa, hata sikuweza kujua jikoni ilikuwa wapi. Nilimwonyesha mwenye stoo sahani, nikamwonyesha kwa mikono mwanamke mkubwa mwenye miwani. "Mei you," alisema kwa upole. Nilisimama pale kama mjinga. Yule bibi akiwa hai ana umri mkubwa sasa, yuko kwao na wajukuu walioota ndevu, na jina lake sisi hatukuwahi hata kulijua vizuri. Mlango, korido, kuta zenye jasho, kile kiti. Pahali nilipopaogopa vile, na nimelia kwa kutopakuta.

Nikampigia mama. "Hayupo, mama. Hata mlango haupo."

"Basi usinirudishie sahani tupu," akasema.

Nilikuwa sijamwelewa mpaka leo asubuhi mtoto wa chumba cha pili alipoanza kulia: sahani irudi kwa jirani ikiwa imejaa, hata kama ni jirani mwingine. Sasa bolinyo zangu zimejigeuza, sikuzigusa. Nimezivingirisha kwenye sukari na mdalasini, nimejaza sahani, nimechukua na chupa ya mafuta yenye picha ya karanga nikaiweka kando yake, maana huwezi kujua. Nimegonga. Kilio kikakatika ghafla. Ndani hakuna anayepumua, nami naujua ukimya ule ulivyo mzito kwa aliye ndani. Nikaweka sahani sakafuni, nikarudi chumbani kwangu, nikaufunga mlango kwa kishindo ili wasikie nimeondoka.

Nilikaa muda mrefu nikisikiliza mvua. Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka kidogo, sahani ikaburutwa kuingia ndani. Mtoto hajalia tena. Mzigo wangu utatoka kimbunga kikipita, na nitaondoka bila kuidai sahani.